Unapouza mafaili kwenye tovuti, funga mlango wa uani kwanza

Hapa Amu (Lamu) siku hizi watu wanauza vitu visivyopandishwa mashuani. Picha za majahazi kwa ubora kamili, michoro ya nakshi kwa mafundi wa mbali wenye mashine za kuchonga, ruwaza za kofia na za hina, tenzi zilizopangwa upya katika PDF, kasida zilizorekodiwa vizuri. Mteja analipa, tuseme, shilingi 500 kwa M-Pesa, anapata linki, anapakua.

Swali la kila muuzaji ni lilelile: nitamzuiaje aliyenunua asimrushie mwenzake kwa WhatsApp? Humzuii. Kitu kikishafika kwenye simu ya mtu na akaweza kukifungua, anaweza kukinakili, na kampuni za filamu zenye fedha nyingi kuliko sisi sote hazijalishinda hilo. Lakini swali lenyewe linaanzia mwisho. Kwenye tovuti nyingi ndogo faili halikuvujishwa na mnunuzi yeyote. Lilichukuliwa moja kwa moja kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na watu ambao hawakulipa hata senti, kwa sababu anwani yake ilikuwa wazi. Ni nyumba yenye mlango wa nakshi mbele, komeo na kufuli, na mlango wa uani umerudishiwa tu.

Kwa hiyo kazi hii ina mpangilio wake: kwanza seva, pili malipo, tatu linki, na mwisho kabisa huyo mnunuzi.

Jichunguze kabla hujachunguzwa

Fungua kivinjari katika hali ya faragha, bila kuingia kwenye akaunti yako. Kwenye Google andika site: ukiunganisha na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi, kisha filetype:pdf. Ukikiona kitabu unachokiuza kati ya majibu, ujue kinagawiwa bure, pengine tangu siku ulipokipandisha. Rudia kwa epub, na kwa svg kama unauza michoro.

Kisha jifanye mteja. Nunua bidhaa yako, na likishapakuliwa fungua orodha ya vipakuliwa ya kivinjari, nakili anwani ya faili na uitume kwenye simu nyingine isiyo na akaunti yoyote kwenye tovuti yako. Likifunguka, seva haimuulizi mtu chochote. Jaribu tena baada ya wiki. Likifunguka na siku hiyo, hiyo linki haina mwisho.

Wauza picha wana mtego wao peke yao. Ukipandisha picha kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, inatengeneza nakala ndogo na kuzipa majina yenye vipimo, kwa mfano jahazi-1024x683.jpg. Mtu akifuta hayo maneno "-1024x683" kwenye anwani, anapata faili kubwa. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2,560 hupunguzwa na jina lake huongezewa "-scaled", lakini ile ya asili hubaki kwenye folda ileile. Futa hilo neno, umeipata nzima. Hakuna ujuzi wa udukuzi hapo, ni kufuta herufi tu. Basi picha ya kuuza isipandishwe kwenye maktaba ya WordPress hata mara moja. Tengeneza kionjo, yaani picha ndogo ya kumwonyesha mteja, kwenye kompyuta yako, pikseli 1,200 upande mrefu, ukipandishe hicho peke yake, na jina lake lisifanane na jina la picha kubwa. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, amri ni moja:

convert jahazi.tif -resize 1200x1200 -strip kionjo-k7x2.jpg

Hilo "-strip" linaondoa taarifa zilizofichwa ndani ya picha, pamoja na mahali ilipopigwa. Kama unataka jina lako libaki ndani ya kionjo, lirudishe baadaye kwa exiftool, programu ya kuandika taarifa hizo.

Sauti nazo zina kosa lake. Kuna vichezeshi vinavyokatisha kasida kwenye sekunde ya 45, na msikilizaji akadhani amepewa kionjo, kumbe kivinjari kimeshavuta wimbo mzima na kichezeshi ndicho kinachonyamaza. Kionjo kiwe faili lake, lililokatwa kweli, kwa mfano kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i kasida.wav -t 45 -b:a 96k kionjo.mp3

Faili likae wapi

Kwenye seva nyingi za kukodi, kila kilichomo ndani ya folda ya public_html kinafikika na dunia nzima. Tengeneza folda kando yake, si ndani yake. Tovuti ikiwa /home/jina/public_html, mali ikae /home/jina/mali. Hakuna anwani ya intaneti inayofika hapo. Faili litatolewa na skripti tu (programu ndogo ya tovuti), baada ya kuhakikisha oda imelipwa. Kama PHP, lugha ya skripti hizo, inaendeshwa kwa jina la akaunti yako, ruhusa ya 700 kwa folda na 600 kwa mafaili inatosha.

Wako wanaoacha mafaili ndani ya public_html na kuweka .htaccess (faili la maagizo kwa seva) yenye mstari "Require all denied". Kwenye seva inayoendeshwa na programu ya Apache 2.4 hiyo inafanya kazi. Kwenye Nginx, programu nyingine ya seva, haifanyi lolote, maana Nginx haisomi .htaccess kabisa, na haikupi onyo. Tovuti inahamishwa seva, kila kitu kinaonekana sawa, na kufuli halipo tena. Ukiwa kwenye Nginx, folda ya mali iwekewe kifungu cha "location" chenye neno "internal", na skripti itume kichwa (maelezo yanayotangulia jibu la seva) cha X-Accel-Redirect. Hapo PHP inatoa ruhusa tu, na Nginx yenyewe ndiyo inayobeba faili. Hata kama huna shida ya usalama, fanya hivyo kwa mafaili makubwa, kwani PHP ikibeba video ya megabaiti 800 yenyewe, seva za kukodi huikata njiani.

Kuandika folda ya siri ndani ya robots.txt, faili la kuziambia injini za utafutaji zisipite wapi, ni kutangaza ilipo. Faili hilo linasomwa na yeyote, na halimzuii mtu. Unachotaka ni kichwa cha "X-Robots-Tag: noindex" kwenye jibu la seva.

Wanaotumia WooCommerce, programu ya duka ndani ya WordPress, waende kwenye mipangilio ya bidhaa, sehemu ya bidhaa za kupakuliwa. Njia ziko tatu. "Redirect only" inampeleka mteja kwenye anwani halisi ya faili, yaani inamkabidhi ufunguo, usiitumie. "Force downloads" inapitisha faili kwenye PHP, na inatosha kwa PDF na nyimbo. "X-Accel-Redirect/X-Sendfile" ndiyo bora, ila seva lazima iwe imeandaliwa. Chini yake kuna kisanduku kinachoruhusu kuelekeza kwenye anwani halisi kama njia ya mwisho mambo yakishindikana. Kiwe hakina alama. Afadhali mteja apige simu kulalamika kuliko mfumo umfungulie kila mtu kimyakimya.

Sasa jambo linalowapita hata mafundi. Ukiwa nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, inahifadhi nakala za mafaili kulingana na mwisho wa jina, na pdf, mp3, zip na jpg zote zimo kwenye orodha yake ya kawaida. Linki yako ikiishia .pdf, skripti ikakagua malipo vizuri na kumpa mteja wa kwanza, Cloudflare inaweza kubaki na nakala na kumpa mwingine mwenye anwani hiyohiyo bila kuiuliza skripti tena. Muda wa linki umekwisha na faili linatoka! Dawa ni skripti itume "Cache-Control: private, no-store", na anwani isiishie kwa jina la faili. Jina atakaloliona mteja liwekwe kwenye kichwa cha Content-Disposition.

Na Google Drive? Linki ya "yeyote mwenye linki" haina tofauti na kutundika faili ukutani. Lakini ukiwa na wateja wachache, watano au kumi kwa mwezi, kumruhusu kila mmoja kwa anwani yake ya Gmail kunatosha na hakuna gharama. Ni kazi ya mkono, ndiyo. Kwa idadi hiyo, kujenga duka zima la kidijitali ni kujitafutia kazi.

Malipo yawe yameingia kweli

Meseji ya M-Pesa inaandikika na mtu yeyote, na picha ya skrini ndiyo rahisi zaidi kughushi. Kama unatuma mafaili kwa mkono, usiangalie simu ya mteja, angalia taarifa ya till yako. Namba ya kawaida ya simu ina udhaifu mwingine: aliyetuma anaweza kupeleka meseji ya muamala kwa namba 456 ya Safaricom kuomba urudishwe, na akiwahi kabla hujatoa fedha, faili limeondoka na fedha zinazozuiwa ni zako.

Kwa tovuti inayojiendesha, njia ni STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Seva yako inatuma ombi lenye namba na kiasi, mteja anaweka PIN, kisha Safaricom inapeleka matokeo kwenye anwani ya https uliyoitoa. ResultCode (namba ya matokeo) ikiwa 0, amelipa. 1 ni salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Hapo ndipo skripti nyingi zinapoishia, na hapo ndipo penye tundu.

Anwani hiyo ya matokeo ni ukurasa wa kawaida wa intaneti. Mtu akiijua, anaweza kuitumia ujumbe wake mwenyewe wenye ResultCode 0, na skripti isiyochunguza itamfungulia. Kwa hiyo ukipokea matokeo, usiyaamini papo hapo. Chukua CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi la malipo), hakikisha imo kwenye hifadhidata yako na oda yake bado inasubiri, kisha uiulize Daraja yenyewe hali ya ombi hilo. Linganisha kiasi na bei iliyo kwenye hifadhidata, si na bei iliyotoka kwenye fomu, maana bei iliyofichwa ndani ya fomu inabadilishwa na mtu akiwa kwenye kivinjari chake, na utashangaa kitabu cha 500 kimelipiwa shilingi 1. Namba ya risiti, ile yenye jumla ya herufi na tarakimu 10, iwekwe kwenye safu isiyokubali marudio, ili risiti moja isifungue oda mbili.

Upande wa pili, matokeo mengine hayafiki kabisa, ama seva ilikuwa imelala ama mtandao umekatika. Mteja amekatwa fedha na ukurasa unazunguka tu. Weka kazi ya cron (inayojiendesha yenyewe kila baada ya muda) inayoulizia kila oda inayosubiri kwa zaidi ya dakika 2. Mtu aliyelipa na hakupewa ndiye wa kwanza kumwomba rafiki nakala ya bure, na huwezi kumlaumu.

Linki yenye saini na mwisho

Linki nzuri inabeba vitu vinne: namba ya oda, kitambulisho cha faili, wakati wa mwisho, na saini inayothibitisha kwamba hivyo vitatu havikuguswa. Kwa PHP:

$saini = hash_hmac('sha256', $oda.'|'.$faili.'|'.$mwisho, $siri);

Hiyo $siri iwe baiti 32 za kubahatisha kutoka kwa random_bytes, ikae nje ya public_html. Kulinganisha kufanywe kwa hash_equals, si kwa alama za usawa. Na $faili iwe namba tu, ambayo skripti inaitafutia njia kwenye hifadhidata. Skripti inayopokea jina la faili kutoka kwenye anwani inaweza kuandikiwa ../public_html/wp-config.php, faili lenye nywila ya hifadhidata yako, na hapo hukuibiwa kitabu, umeibiwa tovuti.

Anayehifadhi mafaili kwenye Amazon S3, hifadhi ya kukodi mtandaoni, ana linki za aina hii tayari, na muda wake hauzidi sekunde 604,800, yaani siku 7. Cloudflare R2, hifadhi ya aina hiyo, inazo pia, na haitozi data inayotoka, jambo la maana ukiuza video.

Muda gani, na mara ngapi? Saa 72 na mara 5. Wenye tamaa ya ulinzi wanaweka saa 1 na mara 1, kisha wanashinda siku nzima wakijibu simu. Mtu wa Faza au Kiunga anaweza kulipa usiku, bando likamwishia katikati, akamalizia kesho yake akishuka Amu. Hao ndio wateja wetu. Mipango iliyoandikwa kwa watu wenye intaneti ya waya nyumbani haiwafai.

Na hesabu ya hizo mara 5 ifanywe kwa akili. Simu ikipoteza mtandao na kuendelea, inatuma ombi jipya lenye kichwa cha Range, kusema nipe kuanzia baiti fulani. Programu nyingine za kupakua hufungua maombi kadhaa kwa pamoja ili ziende mbio. Skripti ikihesabu kila ombi kuwa ni mara moja, mteja anamaliza nafasi zake zote kabla faili la megabaiti 120 halijafika robo. Hesabu ombi lisilo na Range, au lile linaloanzia baiti ya 0, na yote ya linki moja ndani ya saa moja yahesabiwe kuwa moja. Skripti yenyewe nayo iielewe Range, ijibu kwa 206 (yaani hii ni sehemu ya faili) na Content-Range. Isipoielewa, kila mtandao ukikatika upakuaji unaanza upya na bando la mtu linateketea.

Kosa jingine: kuna mifumo ya barua pepe inayofungua linki zilizomo ili kuzikagua, na ukituma linki kwa Telegram au Facebook, seva zao huifungua ili kutengeneza kile kidirisha cha onyesho. Linki ya mara moja inakuwa imekwisha kabla mwenyewe hajaigusa. Kwa hiyo linki ifungue ukurasa wenye kitufe, na kitufe ndicho kianzishe upakuaji kwa njia ya POST, yaani ombi la kutuma fomu, si la kufungua linki tu. Wakaguzi hao kwa kawaida hawabonyezi vitufe.

Usiifunge linki kwenye anwani ya IP. Mitandao ya simu inawapa wateja wengi anwani moja ya nje, na mtu mmoja anabadilishiwa akihama kutoka data kwenda Wi-Fi. Utamfungia aliyelipa na kumfungulia jirani yake.

Wakilalamika kwamba PDF au ZIP inafika imeharibika ilhali kwenye seva ni nzima, tafuta nafasi tupu au mstari mtupu kabla ya alama ya kufungulia PHP katika faili mojawapo la skripti. Herufi hiyo moja inatangulia mbele ya faili na kuliharibu. Ita ob_end_clean() kabla ya kutoa faili, lakini safisha na chanzo. Na PDF isitiwe ndani ya ZIP bila sababu, kwani simu nyingi zinamsumbua mtu kuifungua.

Muhuri wa mnunuzi

Sasa tumemfikia yule aliyenunua. Humzuii kunakili, ila unaweza kuifanya kila nakala iwe na mwenyewe. Mtu anayeona alama yake chini ya kila ukurasa hufikiri kidogo kabla ya kulitupia kundi la watu 200. Si kwa hofu ya mahakama, ni haya tu, na mji huu ni mdogo.

Kwa PDF, njia isiyo na taabu ni qpdf, programu ya kushughulikia PDF kwa amri. Tengeneza PDF ya ukurasa mmoja mtupu wenye maneno ya muhuri wa mnunuzi, kwa vipimo vilevile vya kitabu, kisha:

qpdf kitabu.pdf --overlay muhuri.pdf --repeat=1 -- nakala-01042.pdf

Wengi wanatumia FPDI, nyongeza ya maktaba ya kutengeneza PDF iitwayo FPDF, kwa sababu inakaa ndani ya PHP. Toleo la bure la kisomaji chake halifungui PDF zilizobanwa kwa mtindo ulioanza na PDF 1.5, na programu nyingi za leo zinatoa hizo. Utapata ujumbe wa kosa unaolalamikia aina ya mbano. Pitisha kitabu mara moja kwa qpdf --object-streams=disable na utumie nakala hiyo kuwa mama. Jambo jingine, fonti za kawaida za FPDF hazijui herufi za Kiarabu. Maandishi ya ndani ya kitabu hayadhuriki, ila muhuri ukiandikwa kwa Kiarabu utatoka alama za ajabu. Tumia TCPDF, maktaba nyingine ya PHP, kwa muhuri wenyewe.

Uandike nini? "Nakala ya oda 01042, simu inayoishia 417" inatosha, rangi ya kijivu, ukubwa wa pointi 8, ukingoni mwa kila ukurasa. Usiweke namba nzima ya simu. Nakala ikivuja, umemtangaza mtu, na hiyo ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Namba ya oda inakutosha wewe, mwenye orodha. Mwambie kabla hajalipa kwamba faili litakuwa na muhuri wake. Ukimficha, umeipoteza ile haya uliyoitaka.

Muhuri wa ukingoni unakatwa. Kwa hiyo weka wa pili usioonekana: namba ya oda kwenye taarifa za ndani za PDF, na kurasa tatu au nne za katikati ziwe na namba hiyo kwa maandishi madogo karibu na mwisho wa aya, mahali ambapo mkataji wa ukingo hafiki. Kugonga muhuri kitabu cha kurasa 200 kunachukua muda, kwa hiyo kufanywe nyuma ya pazia malipo yakithibitika, nakala ihifadhiwe hadi linki ife, kisha ifutwe.

Picha ni ngumu zaidi. Maandishi ya hakimiliki unayotia kwa exiftool hubaki picha ikitumwa WhatsApp kama hati, lakini ikitumwa kama picha ya kawaida yanaondolewa na picha inabanwa. Habari njema ni kwamba kwa kubanwa huko nakala haifai tena kuchapwa kubwa, na aliyetaka kuitundika hotelini bado anakuhitaji. Kwenye kionjo, jina lako lipite juu ya tanga na ngalawa, si pembeni kwenye anga tupu ambako linafutika kwa sekunde.

Michoro ya nakshi ndiyo inayonivutia mimi. SVG na DXF, mitindo ya mafaili ya michoro, ni maandishi ya namba tu, na muhuri wa maneno unafutwa kwa kidole kimoja. Lakini fundi wa mashine hawezi kuona tofauti ya milimita 0.1 kwenye ubao wa mninga. Chagua nukta 16 ndani ya mchoro, na kwa kila mnunuzi kila nukta ama isogezwe kwa 0.1 ama iachwe. Zinapatikana nakala 65,536 zisizofanana, na ukiletewa iliyovuja unailinganisha na mama yake na kusoma namba ya oda. Chagua nukta zilizo kwenye mikunjo ya majani, si kwenye mistari iliyonyooka ambako jicho linashika kombo. Udhaifu upo: mtu akipitisha mchoro kwenye kazi ya kurahisisha mistari, au akauchora upya, alama imekwenda. Na wanunuzi wawili wakilinganisha mafaili yao wataona yanapotofautiana. Ni wachache watakaojisumbua.

Mengine yanayouzwa kama ulinzi sina haja ya kuyakalia. Kuzuia kubofya kulia kunamkera msomaji na hakumzuii mwizi. PDF ya kuzuia kuchapisha inafunguliwa kwa qpdf --decrypt bila nywila. PDF yenye nywila ya kufungulia inatumwa pamoja na nywila yake, ujumbe mmoja juu ya mwingine. Kukagua tovuti aliyotoka mgeni kunadanganyika kwa mstari mmoja wa curl, programu ya kutuma maombi kwa seva.

Likishavuja

Soma muhuri, tafuta oda, zima linki zake zote. Mwandikie mnunuzi kwa upole, maana mara nyingi simu ilikuwa kwa mtoto au kwa ndugu. Kisha nenda lilipowekwa. Kundi la WhatsApp huwezi kulipekua. Ukilijua, zungumza na msimamizi wake. Chaneli za Telegram zilizo wazi, Google Drive na blogu ndizo za kupigania, kwa kuwa zinaonekana na Google na zinaendelea kugawa miaka. Google ina fomu ya kuombea kuondoa, inayofuata DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Kenya, marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka utaratibu wa kumpelekea mtoa huduma wa intaneti notisi ya kuondoa. Kwenye notisi taja kazi yako, anwani kamili ya kila ukurasa lilipo, si jina la tovuti tu, na jinsi ya kukupata.

Hakimiliki unayo bila kujiandikisha, ila cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kinapunguza mabishano. Jua pia unachomiliki. Tenzi za kale za Amu na Pate si zako. Hapa Kenya haki ya maandishi inakwisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kilicho chako ni maelezo, tafsiri na mpangilio wako wa kurasa, na notisi iandike hivyo, isije ikakataliwa yote.

Kuna ugawaji mwingine ambao si wizi hata kidogo, ni bidhaa ambayo hukuiweka dukani. Mwalimu wa madrasa anayenunua kitabu kimoja na kuwatumia wanafunzi 30 hakuona pa kulipia wanafunzi 30. Mpe. Nakala ya mtu mmoja shilingi 500, nakala ya darasa hadi watu 40 shilingi 4,000, na muhuri wake useme "Nakala ya madrasa, oda 01107, hairuhusiwi nje ya darasa". Kwa michoro, leseni ya karakana iwe na idadi ya milango inayoruhusiwa, mathalani 10, na ikizidi wanaongeza. Kitufe cha kununulia nakala au leseni hiyo kikae kwenye ukurasa uleule wa bidhaa, chini ya bei ya mtu mmoja. Ukikiweka kwenye ukurasa wa maswali na majibu hakitaonwa na mtu.